Rila kutoka Sofia kwa siku moja: inatosha?

Ndugu, inatosha kabisa. Kutoka Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, hadi Monasteri ya Rila (makao ya watawa milimani) ni kama kilomita 120, saa mbili hadi mbili na nusu kwa gari. Kabla ya kulipia ziara, uliza jambo moja: mwongozaji anaingia nanyi ndani, au ni dereva tu wa kuwafikisha na kuwarudisha? Ziara nyingi za bei nafuu ni usafiri mtupu, na watu hulalamika wakishafika.

Uliza pia mtakaa pale muda gani. Ziara ikiunganishwa na kanisa la kale la Boyana, pembeni mwa Sofia, muda wa Rila hupungua. Saa mbili ndiyo kiwango cha chini. Kuingia uani na kanisani ni bure, ila makumbusho yana tiketi yake. Usiyaruke: humo umo msalaba wa mbao wa mtawa Rafail, uliomalizika 1802, wenye matukio 104 ya Biblia na vijisanamu visivyozidi punje ya mchele. Sogea karibu na kioo uangalie nyuso.

Funika mabega na magoti. Kanisani hairuhusiwi kupiga picha. Monasteri iko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta hata kiangazi. Barabara ya mwisho ina kona nyingi. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Na nyuma ya lango la mashariki wanauza mekitsi, ndugu wa maandazi, zikiwa moto.