Vumbi la kijivu juu ya dari: usilifagie kwanza

Pole ndugu yangu wa Jinja. Umesema nyumba ni ya miaka ya 1950, na juu ya dari umekuta vumbi la kijivu lenye nyuzinyuzi kama pamba, ukauliza ni nini.

Tafadhali funga kile kidirisha cha dari na watoto wasicheze chini yake. Ukiona unga laini chini ya mbao zenye vitobo, hao ni wadudu wa mbao. Vinyesi vya popo hunuka na husagika vidoleni, lakini usivisage: vumbi lake laweza kuwa na kuvu wa kudhuru mapafu. Kinachonitia hofu ni hizo nyuzi. Paa la wakati huo laweza kuwa la asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, na jicho haliitambui, ni hadubini ya maabara tu. Magonjwa yake huchukua hata miaka 20 au 40 kujitokeza, kwa hiyo kutokohoa leo si kinga.

Waulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, nani apime. Fundi akichukua sampuli, alowanishe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, avae barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini sana. Ya kitambaa haifai kabisa.