Mkono wa babako sikuupima

Mwanangu,

Maneno yako nimeyasoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Wasema kazini kwenu huko Nairobi waliweka hema la kupima afya, ukakutwa na presha ya 152 kwa 96, na mwenzako akakucheka kwamba sisi watu weusi presha tumezaliwa nayo, iko ndani ya damu. Ukaniuliza mambo mawili: je, ni kweli, na je, ndiyo iliyomchukua babako?

Naanza na la pili kwa kuwa ndilo zito. Ndiyo. Kilichomuua ni kiharusi, na kiharusi kililetwa na presha. Nimekuwa muuguzi miaka 31, nimemfunga ule mpira wa kupimia presha kila mtu aliyepita mbele yangu, hata makuli wa bandarini waliokuja na kidole kilichobanwa. Mkono wa babako sikuupima. Alikuwa mwembamba, akitembea kutoka Majengo hadi Marikiti hapa Mombasa na kurudi, kichwa hakimuumi. Nami pamoja na masomo yangu yote, nikirudi nyumbani nilikuwa nawaza kama jirani zangu: presha ya kupanda ni ya wanene wenye hasira, na ikikupata utaisikia kisogoni. Haisikiki, babangu. Wengi hawasikii lolote mpaka siku mdomo unapokwenda upande.

Na chumvi. Wajua babako hakula wali bila ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na achari ya embe ikae karibu. Nilipokuwa ndani ya eda, wageni wameshaondoka, tumebaki mimi na dadako tu, nikaanza kuhesabu pakiti za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Basi pakiti ya nusu kilo ingetukalisha watu wawili siku 50. Yetu haikufika siku 20! Na hapo sijatia hesabuni mkate wa dukani, wala chumvi waliyokuja nayo ng'onda wenyewe. Nilikaa na ile pakiti tupu mapajani nikalia upya.

Sasa hilo la damu. Mwaka 2005 daktari mmoja wa upande wa Chicago, Richard Cooper, na wenzake walilinganisha presha za weusi na wazungu wa nchi kadhaa. Wajerumani ndio waliokuwa juu kabisa, 55 katika kila watu wazima 100 wana presha ya kupanda. Weusi wa Marekani 44. Wanigeria hawakufika 14. Mmarekani mweusi na Mnigeria asili yao kubwa ni moja, mbona wameachana hivyo? Na wale wazee wa Kijerumani wanaojianika ufukweni Diani, wao walirithi kwa nani? Mwulize mwenzako.

Tena kuna mfano wa hapa hapa Kenya. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kutafuta maisha huko huko Nairobi uliko, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu, yaani ile ya chumvi, imezidi, na potasiamu, ile ya matunda na mboga, imepungua. Damu ilikuwa ileile waliyopanda nayo basi.

Usinifahamu vibaya, kurithi kupo. Wewe mwana wa babako uko karibu zaidi na hatari kuliko huyo anayekucheka. Na siku hizi Afrika nayo presha ni tele, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Kenya ilipopima watu mwaka 2015, karibu mmoja katika kila wanne alikutwa iko juu, na wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Hapo ndipo tunapokufa, kwenye kutopima na kutomeza. Ukisema ni damu, utakunja mikono.

Ukiambiwa uanze dawa, anza. Utafiti wa mwaka 2019 ulichukua wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ukakuta tembe mbili kwa pamoja, moja ikiwa amlodipini, zinashusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Hiyo amlodipini huwavimbisha wengine vifundo vya miguu. Ikikuvimbisha, rudi kwa daktari akubadilishie, usiache kimyakimya. Ami yako, nduguye babako, aliacha mwezi wa Shaaban kwa sababu namba zilikuwa nzuri, akasema amepona. Namba zilikuwa nzuri kwa ajili ya dawa! Leo moyo umepanuka, analala ameegemea mito mitatu, akiishusha mmoja tu pumzi zinamwisha. Na ndimu usinitajie, eti hukata damu. Ndimu ni ya mchuzi.

Lakini hata hiyo 152 siiamini bado. Nakujua, ulitoka mbio kwenye foleni, kahawa mkononi, ukakaa unapiga soga huku umekunja nne, na yule kijana akakufunga mpira juu ya mkono wa shati. Haipimwi hivyo. Nenda haja kwanza, kaa dakika tano umeegemea kiti, nyayo zote mbili chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Kahawa na sigara (najua, mwanangu, usinikatalie) ziwe zimepita nusu saa. Hospitali huhesabu iko juu kuanzia 140 kwa 90, tena ikipimwa siku tofauti. Nyumbani tunaanza kuhofia kwenye 135 kwa 85.

Mashine yangu nimeifunga ndani ya kanga, dadako anakuja nayo Jumamosi kwa gari moshi. Betri nimezitoa, ziko ndani ya soksi nyeupe. Kuna daftari pia, kurasa za mwanzo ni namba zangu, anzia ulipo ukurasa mtupu. Pima asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kula, siku saba, uandike zote, hata zile zitakazokuaibisha. Ya nane twende sote kwa daktari. Nitapanda mimi kuja huko.

Mamako