Umekabidhiwa vijana wa kanisa dogo? Kongamano lisubiri kwanza

Kila Januari, katika kanisa fulani dogo, kuna mtu anayesimamishwa mbele ya waumini na kutangazwa kuwa kiongozi wa vijana. Anaombewa, anapigiwa makofi, na kabla wiki haijaisha ameshaanza kupanga kongamano: mabango, spika za kukodi, mhubiri kutoka Kampala. Ninakuandikia wewe uliyesimamishwa hivyo mwaka huu. Kongamano liache kwanza.

Mimi nimefanya kazi hii Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo ibada huendeshwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho Msamia, Mteso, Mganda na Mkenya aliyepanga upande huu wanachoelewana nacho. Makanisa ninayoyazungumzia ni ya watu sitini, themanini ikiwa Pasaka. Vijana ni ishirini hivi, ukiwahesabu na wale wanaoonekana Krismasi tu. Ukiwa Arua au Kasese, utarekebisha mahali pa kurekebisha.

Kazi yako ya kwanza ni daftari. Sisemi daftari la mahudhurio, maana hilo litakuonyesha nani amekuja, na wewe unahitaji zaidi kujua nani hawezi kuja na kwa nini. Mpe kila kijana ukurasa wake: jina, mzazi au mlezi na namba yake ya simu, anakolala, anachofanya Jumatatu mpaka Jumamosi, na saa ambayo huwa hana shughuli. Hilo la mwisho ndilo viongozi wengi hawaulizi. Kijana wa boda hawezi kuja saa moja jioni, kwa sababu hapo ndipo abiria wanarudi makwao. Binti anayekaa kwenye kibanda cha mobile money hafungi mpaka mwenye kibanda aje wahesabu. Anayepakua malori mpakani haijui ratiba yake mwenyewe, maana inategemea lori limepita forodha saa ngapi. Kisha kuna yule wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto mgongoni. Kanisa limeshamhamishia kwa akina mama bila kumuuliza, na huko anakaa kiti cha nyuma bila wa kuongea naye. Mwandike kwako. Bado ni kijana.

Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa sababu lazima uwafuate walipo. Nenda stendi ya boda, kaa kwenye benchi, nunua chai na chapati. Utajifunza mengi pale kuliko kwenye semina yoyote ya uongozi.

Kitu cha pili ni kalenda, na hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Nchi hii inapeleka watoto wake bwenini. Kanisa likisema “vijana wamepoa”, mara nyingi ukweli ni kwamba wako shuleni. Mihula yetu ni mitatu: wa kwanza huanza Februari na kufungwa karibu na mwanzo wa Mei, wa pili huishia Agosti, wa tatu huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Sasa hapa mpakani tuna tatizo letu la ziada, kwa kuwa baadhi ya watoto wetu wanasoma upande wa Kenya. Kule hufungwa Aprili, na wetu wanaporudi nyumbani Mei, wale wa Kenya wameshafungua. Agosti wanaweza kukutana siku chache au wasikutane kabisa. Desemba peke yake ndiyo ya uhakika, na Desemba nusu ya familia huenda vijijini kabla ya Krismasi. Kwa hiyo tafuta kalenda za wizara za elimu za nchi zote mbili, ziweke pamoja, chora mstari pale zinapokutana. Siku hizo ni chache, nazo ndizo za kuweka jambo kubwa kama lipo. Wiki zilizobaki ni za wale wasiosoma, ambao kwa bahati mbaya ndio tunaowasahau tunaposema “vijana”.

Muhula wa tatu uheshimu. Mtihani wa darasa la saba huwa mwanzoni mwa Novemba, wa S.4 (kidato cha nne) hufanywa Oktoba na Novemba, wa S.6 (kidato cha sita) Novemba na Desemba. Mtahiniwa anayekaa nyumbani usimwite kwenye mkesha wa usiku kucha halafu ukamwombea afaulu. Mfungulie kanisa jioni asome. Jengo letu hukaa tupu siku tano kwa wiki, lina viti, lina utulivu, na taa ya sola moja inatosha meza mbili. Mzee mmoja akae mlangoni na Biblia yake mpaka saa tatu usiku, kisha wanafunzi waondoke pamoja. Hiyo ni huduma ya vijana kamili, na hata mzazi Mwislamu wa jirani atamleta mwanawe.

Halafu kuna waliomaliza S.6. Hawa wanatoka kwenye mtihani Desemba, matokeo huja mapema mwaka unaofuata, na chuo kikuu hufungua Agosti. Ni miezi minane ya kijana mwenye nguvu, anayejua kusoma na kuandika vizuri, asiye na ratiba. Ukimpa kazi ya kweli, atafundisha watoto Jumapili, atashika daftari, atapiga kinanda. Usipompa, kuna wengine watampa: mwenye kibanda cha kubeti, wakala wa kupeleka watu Arabuni asiye na leseni, rafiki mwenye chumba. Nikiulizwa ni kundi gani kiongozi mpya alipe muda wake wa kwanza, nitasema hili, tena bila kufikiri sana.

Siku ya Mashahidi, 3 Juni, itakujia tu. Vijana wataomba kwenda Namugongo, mahali karibu na Kampala walipouawa wengi wa mashahidi Wakristo wa Uganda, na wana haki, kwa sababu historia ile ni yao. Waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, wengi walikuwa wahudumu wa jumba lake, vijana wa umri wa hawa hawa. Kizito alikuwa na miaka kama kumi na minne alipochomwa moto pamoja na Charles Lwanga na wenzao, 3 Juni 1886. Walikuwemo Wakatoliki na Waanglikana, na kijana wa kanisa la Kipentekoste anashangaa kusikia kwamba walikufa pamoja. Lakini angalia kalenda: 3 Juni muhula wa pili umeshaanza, wanafunzi wako hawapo. Safari ya karibu kilomita 200 kwenda, na nyingine kurudi, katika msongamano wa siku ile, itakula pesa zote za mwaka kwa ajili ya watu saba. Mimi naona ni bora siku yenyewe mkisimulie kisa hicho hapa hapa kanisani, halafu ikiwezekana mwende Namugongo wakati wa likizo, patulivu, mwongoza wageni akiwa na nafasi ya kujibu maswali.

Sasa suala la umri, ambalo makanisa madogo hulifumbia macho kwa sababu watu ni wachache. Katiba ya Uganda inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na Baraza la Taifa la Vijana linahesabu kijana kuanzia 18 hadi 30. Kwenye benchi lako wa miaka kumi na mitatu amekaa karibu na wa ishirini na tisa. Kuimba wataimba pamoja, hakuna shida. Mazungumzo ya ndani, safari na malazi, hapo watenganishe. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, na hilo linakuhusu wewe, linamhusu mchungaji, linamhusu mgeni aliyekuja kuhubiri. Mkifanya mkesha, pata ruhusa ya mzazi kwa maandishi au kwa simu uliyompigia wewe mwenyewe, wasichana walale chumba chenye mama wa kanisa, na asiondoke mtu saa tisa za usiku kwa boda kwa kuwa amechoka. Watakwambia unaleta mambo ya polisi kanisani. Waambie ndiyo.

Maana siku moja mtoto atakuja kukunong'oneza jambo. Huenda ni la nyumbani, huenda ni la mtu anayekaa viti vya mbele. Utasikia mara moja sauti za kutaka limalizwe kimya: wazee wakae, familia mbili zipatanishwe, itolewe mbuzi na bahasha, jina la kanisa lisichafuke. Kataa. Kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai katika nchi hii, hata aseme alikubali, na kamati ya kanisa haina mamlaka ya kulisamehe. Usimhoji mtoto mara tano. Msikilize mara moja, andika alichosema kwa maneno yake, mpeleke hospitali kama ni jambo la karibuni, na mwende kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116. Iandike ukutani kwenye chumba cha vijana kabla hujabandika kitu kingine chochote. Mweleze mchungaji wako msimamo huu mapema, kabla ya tukio lolote, mkiwa mmetulia. Ukingoja mpaka jambo litokee, mtaongea kila mtu akimwangalia mwenzake kwa wasiwasi.

Kuhusu kipindi chenyewe nina machache. Uwe na mikutano miwili tofauti, usilazimishe mmoja. Wanafunzi na wadogo wakutane baada ya ibada, saa moja tu. Wanaofanya kazi waulize wenyewe. Wa kwetu walichagua saa nane mchana Jumapili, jua likiwa kali na abiria wachache, nje chini ya mwembe, pikipiki zikionekana. Soma nao fungu moja la Injili polepole, uliza wanaona nini, nyamaza. Ukimya wa kwanza utakutesa, lakini usiukatishe kwa hotuba. Weka sanduku la maswali yasiyo na majina, na uyajibu yaliyoulizwa, si yale uliyotamani waulize. Utakuta ya mahari, ya mchumba wa dini nyingine, ya baba mlevi, ya kubeti. Hilo la kubeti ukilijibu kwa laana tu, wataficha tikiti na kuendelea. Anza na hesabu: kila mmoja aandike mwezi mzima alichoweka na alichopata. Pia waambie sheria ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, jambo ambalo wengi wao hawajalisikia, na wenye vibanda hawana haraka ya kulitangaza.

Na kwaya? Kwaya itajiendesha. Kila kanisa linayo, kila mara kuna ugomvi wa sare. Usiingie huko mapema.

Pesa ni kidogo, na uchache wake unakulinda na mambo mengi. Panga kwa kile vijana na waumini wanachoweza kutoa: posho (ugali) na maharage vya siku moja, sukari, mpira mmoja wa ngozi nzuri. Ahadi ya mfadhili usiiweke kwenye bajeti mpaka iwe imeingia. Michango isikae kwenye simu yako. Sajili namba kwa ajili ya kazi hiyo, mweka hazina ashike simu, mtu mwingine ashike neno la siri, na mtoaji yeyote apate ujumbe wa kumthibitishia. Kumbuka gharama za kutoa pesa kwenye simu, kwa sababu juu ya ada ya kampuni kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Kwenye laki moja ni shilingi mia tano, na kiongozi mpya hujikuta akizijaza kutoka mfukoni mwake mpaka anachoka. Kwa wale wanaofanya kazi, kikundi cha akiba huwashika kuliko mahubiri, nisameheni wahubiri. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kuhesabu mbele ya wote, kugawana mwisho wa mwaka. Mtu anayejua akiba yake inahesabiwa Jumapili haikosi Jumapili.

Kuna kanisa kubwa mjini lenye taa za rangi na bendi, na vijana wako wataenda huko Ijumaa. Waache. Wasipotee tu kwenye daftari. Ukimtembelea kijana siku mama yake anapolazwa, atajua tofauti bila kuhubiriwa. Kushindana kwa spika hutaweza, na mchungaji wako asikusukume huko.

Chagua wasaidizi wawili mapema, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na mmoja wao awe miongoni mwa wanaofanya kazi. Wewe mwenyewe utaondoka siku moja, kwa ndoa au kazi au uhamisho, na katika makanisa yetu kiongozi akiondoka na namba za simu zinaondoka naye. Kila mwisho wa muhula kaeni watatu, mpitie kurasa moja baada ya nyingine: huyu yuko wapi, nani alimwona mara ya mwisho, nani atampigia.

Ikifika Agosti na wale wa S.6 wanaenda chuo, usimalize na sala ya kuwaaga. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Busitema, kilicho wilayani kwetu, utamwona bado. Anayekwenda Makerere au Kyambogo, vyuo vya Kampala, anaingia mji asikomjua mtu. Tafuta kanisa karibu na chuo chake wiki mbili kabla, zungumza na kiongozi wa vijana wa huko, na kijana mwenyewe akikubali, mtumie jina lake na namba yake ya simu, ili Jumapili ya kwanza kuwe na mtu wa kumsubiri langoni. Kisha Jumanne yake mpigie kijana umuulize kama alimkuta.