Kadi Imekataliwa, Indiketa Haikuwaka

Swali lenu la wiki hii lilitutaka tutaje kero ndogo ya kila siku inayotukasirisha kuliko inavyostahili. Ninazo mbili, kadi ya benki inayokataliwa na dereva asiyewasha indiketa, na kwa muda mrefu nilidhani hazina undugu, mpaka nilipong'amua kwamba zote hunikera kwa sababu moja: yupo anayejua kinachoendelea, naye haniambii.

Nianze na kadi. Bidhaa zimekwisha kufungashwa, nyuma yangu kuna foleni, nabonyeza namba ya siri, mashine inasuasua kidogo, kisha inaandika "Muamala umekataliwa." Mhudumu ananiuliza, kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kufika mwisho wa foleni, kama ninayo kadi nyingine, na hapo kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba akaunti yangu ni tupu. Kumbe jibu la kukataa malipo kwa kawaida hurudi likiwa na namba ya sababu: katika mifumo mingi 51 ni salio lisilotosha, 54 ni kadi iliyokwisha muda, na 91 ni kwamba benki iliyotoa kadi haipatikani, yaani mteja hana kosa lolote. Siku moja nilimwomba mhudumu anipe kile kikaratasi alichokuwa anataka kukitupa, na pembeni, kwa maandishi ya kutafutwa kwa tochi, niliikuta 91. Nilitamani kukipitisha mkono kwa mkono foleni nzima wakisome.

Naelewa kwamba benki haiwezi kueleza kila kitu, kwa kuwa mwizi naye angefaidika kuambiwa alipokosea, hata hivyo, sioni mwizi gani angenufaika na maneno "mtandao wa benki una hitilafu."

Dereva hana hata kisingizio hicho, maana kijiti cha indiketa kiko umbali wa kidole kutoka kwenye usukani. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sisi tunaotembea kwa miguu hatuna muda wa kupiga ramli: ama tunaambiwa mapema, ama tunabaki kukisia. Wapo pia wanaoiwasha wakiwa wamekwisha kuingia kwenye kona, kama mgeni anayebisha hodi akiwa ameketi sebuleni, na hao hunikera zaidi, kwa sababu wanaonyesha kwamba kijiti wanakifahamu.

Juzi dereva mmoja alikata kona mbele yangu bila ishara yoyote, nikarudi nyuma kwa kuruka. Alisimama, akanitazama, akapiga honi, kana kwamba mimi ndiye niliyeficha ninakokwenda.