Kabla ya kukariri osmosisi, uliza maji yanakwenda wapi

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Kasulu anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliandika kwa adabu: "Shikamoo dada. Mada ya seli naikariri usiku, asubuhi imetoka yote. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini kwa kuwa maswali ya namna hii hunifikia kila mitihani inapokaribia, na kwa kuwa najua wengi wenu mnalenga uuguzi, utabibu au maabara, nimeona nimjibu hapa kwa urefu.

Ushauri wangu ni mmoja, nao nitaurudia mpaka mchoke. Acha kukariri majina; chukua kitu kimoja, yawe maji, chumvi, sukari au oksijeni, ukifuatilie njia yake kwa kukichora. Kimejaa zaidi upande gani wa utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli? Ni kidogo au kikubwa? Kina chaji ya umeme au hakina? Je, kinapita bure, au seli inalipa nishati ili kipite? Ukiyajibu hayo, difyusheni (kitu kusambaa chenyewe kutoka kilikojaa kwenda kilikopungua), osmosisi (mwendo wa maji kupenya utando) na usafirishaji amilifu (seli kulipa nishati ili kitu kipite) vitajipanga vyenyewe kichwani.

Sikufundishwa hivyo darasani. Nimezaliwa Ujiji na kukulia Kibirizi, ambako mtoto hutofautisha dagaa wa mchangani na dagaa wa kichanjani kabla hajajua kusoma. Mama yangu aliuza migebuka wa chumvi. Jioni alimpasua samaki mgongoni, akamlaza wazi, akampaka chumvi ya Uvinza ndani na nje, kisha akampanga kwenye beseni, safu juu ya safu, chumvi katikati. Asubuhi mimi ndiye niliyetumwa kumwaga maji yaliyojikusanya chini ya beseni: maji mekundu-mekundu, mazito kidogo, yenye ukali uliochoma kila mkwaruzo wa vidole vyangu. Jioni hakuna aliyetia hata kikombe kimoja cha maji.

Mwalimu mmoja, ambaye simtaji wala shule yake siitaji, aliandika ubaoni maana ya osmosisi na kutuamuru tuisome kwa sauti hadi tuishike. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama hayo ndiyo maji ya beseni la migebuka. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akasema mbele ya wote kwamba harufu ya samaki haifichiki na kwamba ningefaa zaidi kibandani kwa mama. Watu husema yaliyopita si ndwele. Mimi ndwele hii najua bado inauma wapi. Nilikuwa sahihi, na leo ninaweza kueleza kwa nini.

Chumvi ikiwa nyingi nje ya seli, maji hutoka ndani, ambako mchanganyiko ni mwepesi, yakaelekea nje, ambako ni mzito, kwa kuupenya utando unaoruhusu baadhi ya vitu na kuvizuia vingine. Ndiyo osmosisi, haina uchawi mwingine. Bakteria wanaotua juu ya nyama ile hunyang'anywa maji kwa njia hiyo hiyo, wakashindwa kuzaliana, na ndiyo sababu mgebuka wa chumvi unasafiri mpaka mbali bila kuoza. Chumvi nayo huingia kidogo kidogo hadi katikati ya nyama kwa difyusheni. Sasa mgeuze samaki huyo awe hai ndani ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni matamu: damu yake ina chumvi kuliko ziwa, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua, naye hana budi kukojoa mkojo mwingi mwepesi na kutumia nishati kuvuta chumvi kutoka majini. Chora mishale ya hali zote mbili kwenye karatasi moja, na hutahitaji kukariri tena.

Utando wenyewe ni mwembamba kiasi cha nanomita 7 hadi 8, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Umejengwa kwa fosfolipidi, molekuli ambazo kichwa chake hupenda maji na mikia yake huyakimbia, kama mawese yanavyojitenga juu ya mchuzi. Ndiyo maana zikijikuta majini hujipanga safu mbili, mikia ikitazamana katikati. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, watafiti wa Uholanzi, walichukua mafuta ya utando wa seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapata eneo linalokaribia mara mbili ya eneo la seli zenyewe, ishara ya hizo safu mbili. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaeleza kwamba protini zimechomekwa ndani ya mafuta hayo na zinaweza kusogea humo. Oksijeni na kaboni dayoksaidi hupenya mafuta moja kwa moja. Ioni za sodiamu, kwa kuwa zina chaji, haziwezi. Lazima zipite kwenye protini. Maji nayo yana mifereji yake maalumu ya protini, ambayo Peter Agre aliitambua na kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kuhusu kiini, ribosomu na vinginevyo, kitabu chochote kinatosha. Shika tu kwamba mitokondria ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya ATP, molekuli ambayo seli huitumia kulipia nishati, kwa sababu utando unaidai kila wakati: pampu moja ya protini iliyo kwenye utando hutoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza ioni 2 za potasiamu ndani kwa kila molekuli moja ya ATP.

Leo mimi ni muuguzi. Yule binti wa kibandani ndiye anayetundika dripu, na anajua kwa nini chupa ya chumvi imeandikwa asilimia 0.9. Ukimwingizia mtu maji matupu mshipani, yatakimbilia ndani ya seli nyekundu za damu, zivimbe na kupasuka, kwa sababu hazina ukuta. Seli ya mmea ingevimba tu na kukazana, kwa kuwa ukuta wake wa selulosi unaizuia kupasuka. Swali hili hupendwa sana na watunga mitihani, nanyi kila mwaka mnaliandika kinyume.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote liko kwenye pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji na kunywewa na mwenye kuharisha. Mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, miongoni mwa wakimbizi kutoka nchi hiyo, watu wa mkoa huu wa Kigoma waliona jinsi maji yanavyoweza kumtoka mtu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu haivunji utumbo. Huzifanya seli zake zimwage ioni za kloridi, sodiamu ikafuata, na maji yakafuata chumvi. Kuna protini moja, hata hivyo, ambayo sumu hiyo haiigusi: ile inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Ukimpa mgonjwa chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, vyote viwili hupita hapo, na maji huvifuata kurudi mwilini. Wapo ndugu wa wagonjwa wanaonung'unika kwamba tumewapa sukari na chumvi badala ya dawa, na wapo wanaokoroga pakiti ya lita moja kwenye nusu lita ili "ikolee". Mchanganyiko mzito kupita kiasi unaweza kuvuta maji kuyarudisha utumboni, yaani kazi ya beseni la mama ikahamia tumboni mwa mtoto.

Sasa niwaseme kidogo. Vijana mnatumiana noti kwenye simu, mnazipiga picha, mnazihifadhi, na hamzichori. Mkono ambao haujachora utando hauwezi kujibu swali la utando. Chora, futa, chora tena, na katika kila mshale uandike nani analipa. Mkichekwa, chekweni mkiwa mnachora. Mwenye kuuliza jambo la nyumbani kwao darasani si mjinga, na mwalimu anayemcheka amepoteza mfano ambao kitabu hakina.

Nawe mdogo wangu wa Kasulu, mchoro wa seli ya utumbo ulionitumia jana ni mzuri, ila pampu ya sodiamu umeiweka upande wa chakula. Ihamishie upande wa damu. Huko ndiko inakotoa sodiamu nje, ndani ya seli sodiamu ikapungua, na kwa upungufu huo ile protini ya upande wa chakula inapata nguvu ya kuingiza sodiamu nyingine pamoja na glukosi bila kutumia ATP yenyewe. Kisha weka mshale wa maji, unitumie tena kabla ya Ijumaa.