Soksi za Eddy

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita. Darasani, Abraham Lincoln wa Marekani kwetu ni vita na utumwa tu. Nimesikia aliwahi kuwa mbunge kabla ya urais, akawa anamwandikia mkewe barua. Je, ziliandikwa siasa tupu? – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siasa imo kidogo. Barua ninayoipenda kuliko zote, ya Aprili 16, 1848, inahangaikia soksi.

Lincoln aliingia bungeni Desemba 1847 akitokea Springfield, Illinois, jimbo lililokuwa na umri wa miaka 29 tu. Mkewe Mary na watoto wao, Bobby na Eddy, walifuatana naye Washington, wakapanga kwa mjane mmoja karibu na Bunge. Miezi michache baadaye Mary akawachukua watoto, wakaenda kwa baba yake huko Lexington, Kentucky. Mume akabaki. Anamwambia mkewe wazi: ulipokuwepo niliona unanizuia kidogo kufanya kazi; sasa nina kazi tupu, na imeniishia ladha. Kile chumba anachukia kukaa peke yake.

Mary alikuwa amemwagiza soksi ndogo za drafti. Mbunge akaenda kuzitafuta. Duka la kwanza limeshafungwa biashara. La pili halina kabisa za aina aliyoagizwa, ila jozi moja tu ya drafti aliyodhani ingeenea vijiguu vya Eddy. Anawaza kujaribu tena kesho yake asubuhi. Eddy alikuwa na miaka miwili. Alifariki Februari 1, 1850, kabla hajatimiza minne, na mimi kila nikifika kwenye soksi hizo hunibidi niweke karatasi chini kwanza.

Yapo na ya pesa, katika barua ya Julai 2. Maduka mawili yanamdai dola 5.38 na dola 8.50 kwa vitu wanavyosema Mary alichukua. Yeye anakumbuka aliambiwa hakuna deni, kwa hiyo amesita kulipa. Katika ile ya Aprili anapeleka salamu za wapangaji wenzao, wale waliopatana na Mary. Wengine, anasema, hawasemi kitu. Aliota ndoto mbaya kuhusu Bobby, haikumtoka moyoni mpaka barua ya Mary ilipofika. Na anamwomba mkewe jambo moja ambalo ningependa ulikumbuke: juu ya bahasha asimwandikie tena “Mheshimiwa”. Barua anazipenda sana, ila hilo neno lisiwepo.

Jibu la Mary la mwezi Mei limebaki pia, nalo ni tamu. Bobby kaokota kitoto cha paka, Eddy kaagiza kiletewe maji na kukilisha mkate kwa mkono wake. Mama wa kambo wa Mary, asiyependa paka, akaamuru kitupwe nje. Eddy akapiga makelele. Mary anamhadithia mumewe kwa kirefu kwa sababu mumewe alipenda paka, na anatamani jioni ile wangekuwa pamoja badala ya kuandikiana.

Juni 12 Lincoln akamwandikia aje upesi iwezekanavyo, maana anatamani sana kumwona yeye na watoto. Ukizitafuta, mwanangu, anza na ile ya Aprili, kisha usome hiyo ya paka siku hiyohiyo.