James Hong: mnamjua kwa sura

Swali la wiki lilikuwa: ni mwigizaji gani wa Marekani ambaye sura tunaijua lakini jina hatulijui, na amewezaje kudumu kazini? Jibu langu ni James Hong. Wenye watoto nyumbani wameshamsikia. Ndiye sauti ya Mr. Ping, yule bata bukini muuza tambi aliyemlea Po katika Kung Fu Panda, kuanzia ile ya 2008 hadi ya nne ya 2024. (Isipokuwa kama yako ni ile iliyotiwa sauti ya Kiswahili na DJ, maana humo bata na panda wote ni DJ.)

Alizaliwa Minneapolis tarehe 22 Februari 1929, wazazi Wachina. Sanaa haikuwa ajira yake ya kwanza. Alisomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1953, akaajiriwa na Kaunti ya Los Angeles upande wa barabara. Likizo na siku za ugonjwa alizimalizia kwenye seti za filamu. Hilo watu hulisimulia kama kichekesho, lakini lina hesabu ndani yake: mwigizaji mwenye nafasi ndogo huitwa siku moja au mbili, kisha simu inanyamaza wiki kadhaa, na asiye na mshahara wa pembeni hukubali lolote ili alipe kodi ya nyumba. Mwaka 1954 alitokea kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx, akaigiza sauti za watu maarufu, akamwigiza na Groucho mwenyewe akiwa pale pale. Mwaka uliofuata alikuwa katika filamu ya Soldier of Fortune pamoja na nyota Clark Gable, na mambo ya lami yakabaki nyuma.

Kazi zake za kwanza zilikuwa za sulubu. Filamu ya Kijapani ya Godzilla ilipotengenezwa upya kwa soko la Marekani mwaka 1956, Hong na mwenzake Sammee Tong waliwekwa chumbani kutia sauti za Kiingereza za watu wengi, na picha yenyewe hawakuonyeshwa. Walisoma mstari mmoja kwa mwendo wa taratibu, wa kawaida na wa haraka, ili baadaye mhariri achague unaokaa kwenye midomo. Kufanya hivyo bila maana ya sentensi kupotea ni ufundi mgumu, kwa sababu ukiharakisha mstari bila kuuelewa, mkazo unaangukia neno lisilohusika, na hakuna mashine ya kurekebisha hapo.

Kwenye seti ya filamu shida ni nyingine. Kwa kawaida shoti pana hupigwa kwanza, watu wote wakionekana. Kisha kamera inamsogelea nyota, mara nyingi kadiri atakavyo. Mwenye nafasi ndogo hufikiwa mwishoni, mafundi wamechoka na saa zimekwisha. Wakati mwingine nyota ameshaondoka, na mistari yake inasomwa na msaidizi aliyesimama kando ya kamera. Sasa kama kwenye shoti pana uliweka mkono mlangoni ukiwa kwenye neno la tatu, na kwenye shoti ya karibu lazima uuweke kwenye neno lilelile. Ukikosea, vipande haviungiki, na kitakachotupwa ni chako. Ndiyo maana wakongwe hupunguza mikono. Mtazame Hong katika Chinatown ya 1974, akiwa Kahn, mtumishi wa nyumba ya kina Mulwray. Hafanyi kitu ambacho mhariri atalazimika kukikimbia. Miaka 16 baadaye walimrudisha kuwa mtu yuleyule katika The Two Jakes.

Lakini ukitaka kuuona ufundi wake mtupu, tafuta kipindi cha Seinfeld, vichekesho vya televisheni vya Marekani, kilichorushwa 23 Mei 1991, kile cha mgahawa wa Kichina. Watu watatu, Jerry Seinfeld, George Costanza na Elaine, wanasubiri meza, basi. Hakuna kisa kingine. Hong ndiye mpokeaji wageni, na kila anapoulizwa anajibu kwamba ni dakika tano, kumi. Mwigizaji mwenye tamaa angelibadilisha jibu kila mara: mara ana haraka, mara kakasirika, mara anakonyeza. Hong analirudia vilevile, macho kwenye daftari lake, kama mtu anayesema ukweli, na hasira zote anawaachia wenye njaa. Simu ya George inapoingia, anaita jina “Cartwright” badala ya Costanza, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu. Mwisho wamekata tamaa, wametoka, naye anaita: Seinfeld, wanne! Cheko lote la mwisho limekaa kwenye maneno mawili, na hayaongezei hata nukta.

Kuhusu fedha, msingi wake ni mgomo wa waigizaji wa 1960, Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa kiongozi wa chama chao. Ndipo filamu za kuanzia mwaka huo zikaanza kulipa zikirudiwa kwenye televisheni, na mfuko wa pensheni na matibabu ukaanzishwa. Filamu za kabla ya hapo zilisamehewa, kwa hiyo kazi za vijana wa miaka ya 1950 zilibaki nje. Hundi za marudio huja ndogondogo, nyingine haifiki gharama ya stempu. Na bima ya afya ina kiwango: wakati wa mgomo wa 2023 ilibidi mwigizaji aingize karibu dola 26,000 kwa mwaka, na wengi hawakufika. Kazi zaidi ya 400 za Hong zisomeke kwa jicho hilo.

Na zisomeke pia kwa jicho la ubaguzi, maana siamini kwamba alipenda kuwa mtumishi, mfua nguo na jasusi miaka yote hiyo. Mwaka 1965 yeye, mwigizaji Mako na wenzao walianzisha East West Players huko Los Angeles, kundi la tamthilia ambamo Mwasia angeweza kushika nafasi kubwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko idadi ya filamu. Jukwaani unabeba mhusika saa mbili nzima. Ukirudi kwenye dakika mbili za televisheni unajua cha kuacha. Alipopewa Lo Pan katika Big Trouble in Little China ya 1986, mchawi anayeonekana mara mzee aliyekauka, mara jini la kutisha, hakuwa mgeni wa nafasi kubwa.

Nyota yake ya Hollywood Walk of Fame, ile njia ya miguu yenye majina ya wasanii, aliipata tarehe 10 Mei 2022, ana miaka 93. Nyota ile hulipiwa, na studio ndizo hulipa zikiwa na filamu ya kutangaza. Ya Hong ililipwa na watazamaji, kwa mchango wa dola 55,000 ulioanzishwa na mwigizaji Daniel Dae Kim. Mwaka huohuo alitoka katika Everything Everywhere All at Once akiwa babu kwenye kiti cha magurudumu, akiingia na kutoka katika Kikantoni na Kiingereza. Mwanzoni utadhani amewekwa pale kujaza chumba tu. Mfuatilie yeye peke yake kwa dakika kumi za kwanza, wengine waache wapige kelele.